James Joseph Sylvester: Mwanahisabati Aliyenyimwa Shahada

Mhariri wetu alitutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu wamechagua marais, waimbaji na wanariadha. Mimi nimemchagua mtu wa hesabu. Najua kuna wale ambao wameshaanza kufunua ukurasa unaofuata. Ngojeni kwanza! Mtu huyu alikuwa pia mtunzi wa mashairi, na aliwahi kutunga shairi la mistari karibu 400 lenye kina kimoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Nani kati yetu wa Chama anayeweza hata mistari 40? Kwa hivyo anatuhusu.

Isitoshe, sote tulio kidato cha tatu tumekutana na kazi yake darasani, hata kama hatukuambiwa ni yake. Tunapopanga namba kwa safu za kulala na za kusimama, tukazifunga kwa mabano, tunasema hiyo ni matriksi. Neno hilo halikushuka kutoka mbinguni. Lilitolewa mwaka 1850 na Mwingereza aitwaye James Joseph Sylvester, ambaye wakati huo hakuwa hata mwalimu. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya bima.

Sylvester alizaliwa London tarehe 3 Septemba 1814 katika familia ya Kiyahudi. Jina la baba yake lilikuwa Abraham Joseph, na mtoto mwenyewe alianza maisha akiitwa James Joseph tu. Kaka yake mkubwa alihamia Marekani na huko akajiita Sylvester, naye mdogo akalifuata jina hilo. Hivi ndivyo jina ambalo leo limo katika vitabu vya hesabu duniani kote lilivyopatikana.

Alikuwa na akili kali na hasira kali pia. Akiwa na umri wa miaka 14 aliingia chuo kipya cha London, akafundishwa na Augustus De Morgan, mwanahisabati mwenye sifa kubwa. Hakumaliza hata mwaka. Alishtakiwa kwamba alimtishia mwanafunzi mwenzake kwa kisu cha mezani, na jamaa zake wakamwondoa. Akapelekwa shule ya Liverpool. Huko aliongoza katika hesabu kwa umbali ambao wenzake hawakuweza kuufikia, lakini vijana walimtesa kwa sababu ya dini yake. Inasimuliwa kwamba siku moja alitoroka, akavuka bahari hadi Dublin akiwa na shilingi chache tu mfukoni, na huko barabarani akakutana na jaji mmoja ambaye, kumbe, alikuwa jamaa ya mama yake! Jaji akamlisha, kisha akamrudisha shuleni. Wakati huo huo wa Liverpool alitatua swali gumu kuhusu mpangilio wa namba za bahati nasibu ya Marekani, akazawadiwa dola 500. Alikuwa kijana wa rika letu. Hebu fikirieni dola 500 za zama hizo.

Mwaka 1831 aliingia chuo cha St John's, Cambridge. Masomo yalikatizwa na ugonjwa kwa muda mrefu, kwa hivyo alifanya mtihani wa mwisho Januari 1837. Katika mtihani ule, uliokuwa mgumu kuliko yote Uingereza, akawa wa pili. Wa nne alikuwa George Green, mzee wa miaka zaidi ya 40 aliyekuwa msagaji wa unga na aliyejisomea mwenyewe kinuni. Wanaosoma fizikia chuo kikuu wanalijua jina lake. Basi unaweza kuona ushindani ulikuwa wa aina gani.

Sasa sikilizeni. Cambridge ya siku hizo ilikuwa na sheria kwamba anayetaka shahada ni lazima kwanza atie sahihi kukubali kanuni 39 za imani ya Kanisa la Uingereza. Sylvester alikuwa Myahudi. Angeweza kuandika jina lake pale chini, kama wengine walivyofanya bila kuamini, akaondoka na karatasi yake. Hakuandika. Kwa hivyo mtu wa pili katika mtihani mzima aliondoka Cambridge mikono mitupu: hakupata shahada, hakuruhusiwa kushindania tuzo ya wanahisabati bora, wala kazi ya kufundisha chuoni ambayo wenzake walio chini yake waliipata.

Niliposoma habari hii nilimkumbuka binamu yangu. Alimaliza kidato cha nne na alama nzuri, lakini cheti chake kimebaki katika ofisi ya shule fulani kwa sababu ya salio la karo. Kila akiona tangazo la kazi anaulizwa cheti. Anajua yale aliyoyasoma, majirani wanajua, hata sisi tunampelekea maswali ya kemia jioni, lakini karatasi haiko. Sababu zenyewe hazifanani, ya mmoja ni dini na ya mwingine ni pesa, ila ukiwa nje ya mlango unaona ubao ni ule ule.

Sylvester alizunguka. Alifundisha fizikia London kuanzia mwaka 1838, na mwaka 1839 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society akiwa na umri wa miaka 24, heshima ambayo wengi huipata wakiwa na mvi. Chuo cha Trinity cha Dublin, ambacho hakikumtaka atie sahihi ile, kilimpa shahada zake mwaka 1841. Mwaka huo huo akasafiri kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Mambo yakaharibika upesi. Mwanafunzi mmoja alikuwa akisoma gazeti darasani, akaonywa, akamjibu mwalimu kwa matusi. Sylvester alitaka wakuu wa chuo wachukue hatua kali, nao hawakumuunga mkono jinsi alivyotaka. Baada ya miezi michache akajiuzulu. Akatafuta kazi New York asipate, na mwishoni mwa mwaka 1843 akarudi kwao.

Mimi nadhani wengi wangeishia hapo. Mtu ana miaka 29, ameshindwa Uingereza na ameshindwa Marekani. Yeye alikwenda kuomba kazi katika kampuni ya bima ya maisha, akawa mtaalamu wao wa kukadiria watu watakufa lini na walipe kiasi gani. Mchana bima, usiku akasomea sheria, na mwaka 1850 akawa wakili. Katika ofisi za mawakili wa London ndipo alipokutana na Arthur Cayley.

Cayley naye alikuwa wakili ambaye moyo wake ulikuwa kwenye hesabu. Tabia zao zilikuwa usiku na mchana. Cayley alikuwa mpole, mwenye mpango, aliyesoma kila kitu kilichochapishwa. Sylvester alikuwa moto wa kuni kavu, hasomi sana kazi za wengine, na anasahau hata aliyoyagundua mwenyewe. Waliacha makaratasi ya kesi wakatembea katika viwanja vya mahakama wakizungumza aljebra. Urafiki huo ulidumu zaidi ya miaka arobaini, na matriksi ni mtoto wa urafiki huo.

Sylvester ndiye aliyetoa jina. Kwa Kilatini neno hilo lina maana ya tumbo la uzazi. Aliona kwamba kutoka katika jedwali moja la namba unaweza kuzalisha determinanti nyingi, kwa kuchagua safu hizi au zile, kwa hivyo jedwali lenyewe ni kama mama. Cayley ndiye aliyefuata mwaka 1858 na kuandika kanuni za kuzijumlisha na kuzizidisha, zile zile tunazopewa siku hizi kama kazi ya nyumbani. Mwalimu wetu wa hesabu akisema safu mara safu, ujue ni Cayley anayezungumza.

Majina! Mzee huyu alipenda kutoa majina kama sisi tunavyopenda kubuni lakabu za walimu (samahani walimu). Alijifananisha na Adamu akiwapa wanyama majina yao. Diskriminanti ni yake. Hata neno grafu, kwa maana ya vitone vilivyounganishwa kwa mistari, ni yeye aliyeliandika kwanza mwaka 1878. Wanaotafuta istilahi za Kiswahili za sayansi wangempenda sana.

Jina moja zaidi ndilo lililonifanya nimchague, nalo ni la mwaka 1883. Chukueni matriksi ndogo yenye 2 na 1 katika safu ya kwanza, 1 na 2 katika safu ya pili. Izidisheni na nukta (1, 0). Mnapata (2, 1). Mshale uliokuwa umelala sasa umeinuka, yaani matriksi imeugeuza. Jaribuni mishale mingine na mtaona karibu yote inageuzwa. Lakini jaribuni (1, 1). Mnapata (3, 3)! Mshale haukugeuka hata kidogo, umerefuka mara 3 tu. Jaribuni (1, -1). Mnapata (1, -1) ile ile, yaani mara 1. Hizo namba 3 na 1 ndizo siri ya matriksi hiyo. Ukizijua pamoja na mishale yake, unajua itafanya nini ukiitumia mara moja au mara elfu moja.

Namba hizo zilikuwa zimejulikana kabla yake. Wanajimu wa Ufaransa walikuwa wamekutana nazo walipokuwa wakichunguza kama sayari zitaendelea kuzunguka kwa utulivu au zitapotea njia. Sylvester aliziita mizizi iliyofichika. Alisema zimefichika jinsi mvuke ulivyofichika ndani ya maji au moshi ndani ya jani la tumbaku. Angekuwa mtu wa Shianda, sina shaka angesema sukari ndani ya muwa: huioni ukiutazama, lakini ndiyo inayofanya lori lije kuuchukua. Siku hizi wataalamu wameacha jina lake na kutumia la asili ya Kijerumani, thamani za aigeni. Mimi bado napenda mizizi iliyofichika.

Tena msifikiri ni mchezo wa kalamu tu. Mhandisi anayejenga daraja huitafuta mizizi hiyo ili ajue daraja litatikisika kwa kasi gani upepo na magari yakilisukuma. Na mwaka 1998 vijana wawili wa Marekani, Larry Page na Sergey Brin, waliposajili kampuni yao ya Google, njia yao ya kupanga kurasa za intaneti, ipi iwe juu na ipi iwe chini, ilikuwa ni kutafuta mshale usiogeuka wa matriksi kubwa mno.

Turudi nyuma kidogo, maana nimeruka. Mwaka 1854 aliomba kazi ya kufundisha hesabu katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, akakosa. Aliyepewa akafariki muda mfupi baadaye, na Sylvester akaichukua mwaka 1855. Akiwa huko, mwaka 1857, alichapisha swali katika jarida moja. Swali lenyewe lilikuwa sentensi moja tu: kutafuta duara dogo kabisa linaloweza kuzunguka nukta kadhaa zilizotawanyika. Basi! Hakuna maelezo zaidi.

Nimekaa na swali hilo kwa muda mrefu kuliko yote niliyosoma juu yake, kwa sababu ni swali letu. Sisi ni wa shule ya kutwa. Kuna anayesikia kengele akiwa bado anakunywa chai, na kuna anayetoka nyumbani giza halijaisha, apite kati ya miwa na umande hadi soksi zilowe. Tuseme kuna barabara moja iliyonyooka na nyumba tatu: ya kwanza mwanzoni kabisa, ya pili kilomita 2 mbele, ya tatu kilomita 10. Mnataka kuchimba kisima kimoja. Mkichukua wastani wa 0, 2 na 10, mnapata 4. Inaonekana ni haki. Lakini mwenye nyumba ya tatu atatembea kilomita 6 akiwa na mtungi. Sylvester hakuuliza wastani. Aliuliza yule wa mbali kabisa atembee kidogo iwezekanavyo. Jibu ni kilomita 5: wa kwanza anatembea 5, wa tatu 5, na hakuna anayezidi hapo. Hata mkijenga nyumba mia moja katikati jibu halibadiliki, kwa sababu waliomo ndani ya duara wameshatoshelezwa. Wanaoamua ni wale wa pembezoni. Huenda mtu akapinga kwamba nyumba mia moja zinastahili kusikilizwa kuliko moja, na mimi mwenyewe nimebishana na rafiki yangu juu ya jambo hili njia nzima ya kwenda nyumbani. Hatukukubaliana. Ila ni vizuri kujua kuna hesabu mbili tofauti, maana mara nyingi tunaambiwa wastani kana kwamba ni hesabu peke yake.

Kuna jambo jingine limejificha hapo. Chora grafu ya umbali wa yule wa mbali kabisa kadiri kisima kinavyosogea. Kutoka 0 kwenda 5 mstari unateremka. Kutoka 5 kwenda 10 unapanda. Pale kwenye 5 hakuna bonde la mviringo, kuna kona kali kama herufi V. Tumefundishwa kwamba mstari una mteremko. Je, kwenye ncha ya V mteremko ni upi? Wa kushuka au wa kupanda? Hauko. Wakubwa wetu wa kidato cha nne wanaosoma kalkulasi hutafuta mahali pa chini kabisa kwa kutafuta pale ambapo mteremko ni sufuri, na kwenye kona njia hiyo hugonga ukuta. Ni kama kushuka mlima kwa kupapasa kwa mguu gizani: kwenye nyasi laini unajua upande wa kuteremka, lakini ukifika kwenye ncha ya jiwe mguu haukuambii kitu.

Ilichukua zaidi ya miaka mia moja watu kujenga njia imara za kushuka kwenye kona. Katika miaka ya 1960 huko Kyiv, Ukraine, Naum Shor alionyesha kwamba hata palipo na kona unaweza kuchagua mteremko mmoja kati ya ile inayowezekana, ukapiga hatua, kisha hatua fupi zaidi, na zaidi, na utafika. Leo hiyo ni taaluma nzima, ya kutafuta kilicho bora katika mambo yasiyo laini.

Sasa ajabu yenyewe. Ile mizizi iliyofichika nayo ina kona! Chukueni matriksi yenye 1 + t na 1 - t katika mshazari, na sufuri kwingine. Mizizi yake ni hizo hizo mbili, 1 + t na 1 - t. Tuseme mhandisi anataka mzizi mkubwa uwe mdogo iwezekanavyo, ili mtambo usitikisike kupita kiasi. Weka t iwe 1: mzizi mkubwa ni 2. Weka t iwe -1: mkubwa ni 2 tena. Weka sufuri: yote miwili ni 1, na hapo ndipo penye ubora. Chora grafu ya mzizi mkubwa na utaona V ile ile ya kisima. Kona inatokea pale mizizi miwili inapokutana, na bora kabisa hupenda kukaa papo hapo kwenye kona. Watafiti wanahangaika na jambo hili hadi leo kwa kompyuta. Sylvester aliuliza swali la duara mwaka 1857 na akaipa mizizi jina mwaka 1883. Sikuona mahali alipoyaunganisha, lakini nyuzi zote mbili zimepita mikononi mwake.

Mwaka 1870 jeshi lilimstaafisha akiwa na miaka 55, kwa sheria zake, ingawa bado alikuwa na nguvu. Kukazuka mvutano juu ya pensheni yake hadi gazeti la The Times likaingilia. Mwaka huo huo akachapisha kitabu juu ya kanuni za ushairi, akawa anaimba na kucheza sataranji, na watu wakadhani amemaliza. Mwaka 1871 Bunge lilifuta sharti la kutia sahihi ya imani. Mwaka 1872 Cambridge ikampa shahada. Ilikuwa imepita miaka 35 tangu ule mtihani. Mtoto aliyezaliwa siku ya mtihani angekuwa na watoto wake shuleni.

Kisha Marekani ikamwita mara ya pili. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilifunguliwa Baltimore mwaka 1876, nacho kikamwajiri kwa dola 5,000 kwa mwaka. Mzee alikubali kwa sharti kwamba alipwe kwa dhahabu! Nadhani alikuwa amechoka na karatasi. Miaka ile hadi 1883 ilikuwa mavuno yake. Mwaka 1878 alianzisha jarida la hesabu la Marekani, ambalo linachapishwa hadi leo. Hakufuata kitabu wala mtaala, alifundisha lile alilokuwa akiliwaza asubuhi hiyo. Mwanafunzi mmoja alimng'ang'ania amfundishe aljebra mpya wakati mwalimu hakuwa na mpango huo kabisa. Akakubali shingo upande, na katika kujitayarisha akagundua mambo mapya. (Walimu wetu, tunapowasumbua kwa maswali mtukumbuke.) Cayley naye alikuja kumtembelea mwaka 1882, akafundisha miezi kadhaa.

Lile shairi la kina kimoja alilisoma huko huko Baltimore mbele ya umati. Linahusu msichana aitwaye Rosalind, na mistari yote inaishia kwa sauti ya jina hilo. Alikuwa ameliandikia maelezo mengi ya chini ya ukurasa, akaona ni afadhali ayasome kwanza yote ili asikatize shairi. Maelezo yalichukua saa moja na nusu! Ndipo akashtuka, akaanza shairi kwa wale waliokuwa bado wamekaa.

Jambo kubwa alilofanya Baltimore, kwa maoni yangu, si jarida. Chuo kile hakikupokea wanawake. Mwaka 1878 likaja ombi la msichana aitwaye Christine Ladd. Sylvester alikuwa ameshasoma majibu yake ya hesabu katika jarida moja la Uingereza na kulijua jina lake. Akawabana wakuu wa chuo hadi wakamruhusu kuingia darasani kwake, na baadaye kwa wengine. Kufikia mwaka 1882 alikuwa amekamilisha kazi yote ya udaktari katika hesabu na mantiki. Chuo kikakataa kumpa shahada, kwa kuwa ni mwanamke. Alipewa mwaka 1926, akiwa na miaka 78. Sylvester alikuwa amengoja miaka 35, huyu akangoja 44. Mwalimu wake angeelewa kuliko mtu yeyote, lakini hakuwepo kuiona siku hiyo.

Mwisho wa mwaka 1883 Oxford ilimteua kuwa profesa wa jiometri, akiwa na miaka 69. Kabla ya 1871 Myahudi asingeweza kukikalia kiti hicho. Tukipima kwa historia yetu, ni mwaka huo huo ambao Joseph Thomson alifika kwa Nabongo Mumia, hapa karibu tu na kwetu. Huko Oxford macho yakaanza kumpotea. Hakuwa ameoa, hakuwa na mtoto, na Cayley akafariki Januari 1895. Hata hivyo, mwaka 1896 alirudia kazi ya namba kwa bidii kama kijana, hadi kiharusi kilipomwangusha akiwa mezani na hesabu zake. Alifariki London tarehe 15 Machi 1897, akiwa na miaka 82, akazikwa katika makaburi ya Wayahudi. Royal Society ilianzisha nishani kwa jina lake, na wa kwanza kuipata, mwaka 1901, alikuwa Mfaransa Henri Poincaré.

Kwa wale walionifuata hadi hapa, nawaachia swali la mzee mwenyewe. Vijiji vitatu: kutoka cha kwanza hadi cha pili kilomita 6, cha pili hadi cha tatu kilomita 8, cha tatu hadi cha kwanza kilomita 10. Kisima kichimbwe wapi ili wa mbali kabisa atembee kidogo iwezekanavyo, na atatembea kilomita ngapi? Halafu kisogezeni kijiji cha pili karibu zaidi na barabara ya kilomita 10, mwone kama kisima kinahama. Majibu yaletwe kwa katibu wa Chama, na njia ionyeshwe.